Nani Alifagia Surat?

Septemba 1994 ikielekea ukingoni, stesheni ya reli ya Surat, mji wa jimbo la Gujarat magharibi mwa India, ilifurika watu mpaka pa kukanyaga pakakosekana. Wanaume walikuwa wamejifunga leso puani. Akina mama walibeba watoto mkono mmoja na mabunda ya nguo mkono wa pili. Hakuna aliyeuliza treni inaenda wapi, mradi inaondoka. Waliokosa treni walidandia malori, na waliokosa malori wakashika barabara kwa miguu. Katika siku chache tu, laki kadhaa za watu walikuwa wameuhama mji (na laki, tukumbuke, ni neno tulilolipata hukohuko India). Neno lililowatimua lilikuwa moja: tauni.

Hata madaktari walikimbia. Wengi wa wale waliokuwa na zahanati zao binafsi walifunga milango na kuondoka na familia, wakawaachia wenzao wa hospitali ya serikali wagonjwa waliokuwa wakikohoa damu. Dawa ya tetrasaiklini iliyeyuka madukani, si Surat pekee bali hadi Delhi na Mumbai, maana waliokuwa wazima ndio waliokuwa wakiinunua kwa wingi. Nchi za Ghuba zilisimamisha ndege za kutoka India. Biashara ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni moja. Halafu, wiki chache baadaye, mambo yakatulia. Vifo vilivyohesabiwa India nzima havikufika 60.

Chini ya sitini, katika nchi ambayo kifua kikuu peke yake kilikuwa kikiua watu wengi kuliko hao kila siku. Wanasayansi walibishana kwa miaka kama kweli ilikuwa tauni, mpaka uchunguzi wa vinasaba ulipothibitisha kwamba bakteria ilikuwa yenyewe. Mimi mabishano hayo nawaachia wao. Kinachonishughulisha ni jibu ambalo kila mtu, kuanzia waziri hadi mwandishi wa gazeti la London, alilitoa bila kusita alipoulizwa kwa nini Surat. Uchafu, walisema. Taka. Na waliposema taka, macho yao yalielekea vibandani, kwa watu maskini wa kando ya mto. Nadhani waliangalia upande usio wenyewe.

Kwanza, Surat haukuwa mji maskini. Wakati wa wafalme wa Mughal ulikuwa bandari kubwa kabisa ya India upande wa magharibi. Mahujaji wa Makka walipandia meli hapo, na Waingereza wa Kampuni ya East India walianza biashara yao ya India hapohapo mwanzoni mwa karne ya 17. Nguo za Gujarat zilifika mpaka pwani yetu zikibadilishwa kwa pembe za ndovu. Mumbai ilipoipita, Surat ilififia, lakini katika karne ya 20 iliinuka tena kwa kazi mbili: kufuma nguo za nyuzi za kisasa kwa mashine za umeme, na kukata na kung'arisha almasi. Leo sehemu kubwa kabisa ya almasi zinazovaliwa duniani zimepitia mikononi mwa vijana wa Surat. Na kila shehena iliyoingia mjini ililipiwa ushuru wa baraza la mji. Kanjo ya Surat, kwa lugha yetu ya mtaani, ilikuwa na pesa kuliko nyingi za India.

Pili, taka zenyewe hazikuwa zimekuwepo siku zote. Ukienda nyuma vizazi viwili, nyumba ya Surat ilitoa kitu kidogo sana cha kutupa. Maganda ya mboga yalikwenda kwa ng'ombe. Majivu yalisugulia vyombo. Magazeti, chupa na vyuma vilikuwa na mnunuzi wake, yule mzee wa mizani anayepita mlango hadi mlango akiita, na ambaye bado yupo. Nguo kuukuu zilichukuliwa na wanawake wa jamii ya Waghri, waliotembea na sufuria na mabakuli mapya kichwani: unampa sari tatu zilizochakaa, anakupa bakuli. Msomaji wa Nairobi au Nakuru aliyewahi kumwona mama akibishana na kijana wa mali kwa mali juu ya beseni la plastiki anaijua biashara hii vizuri. Kilichobaki baada ya hao wote, mfagiaji wa baraza alikizoa kwenye pipa la saruji la kona ya mtaa, na mkokoteni ukakipeleka nje ya mji.

Mfumo huu ulifanya kazi kwa sababu mji ulikuwa mdogo na plastiki ilikuwa haijaja. Sensa ya 1971 ilihesabu watu karibu nusu milioni. Sensa ya 1991 ikahesabu milioni moja na nusu. Miaka ishirini, mji mara tatu! Vijana walitoka Odisha upande wa pili wa India, wakatoka Uttar Pradesh, Bihar na Maharashtra, na wengine Saurashtra, palepale Gujarat, ambao wengi wao ndio walioshika almasi. Wafumaji wa Odisha walilala kwa zamu: wa usiku anarudi anampata wa mchana ameamka, anajitupa juu ya godoro lilelile likiwa bado na joto. Jan Breman, msomi Mholanzi aliyewafuatilia vibarua wa Gujarat kusini tangu miaka ya 1960, ameandika kwa urefu juu ya maisha hayo, na hakuna sehemu yake inayosomeka kwa raha.

Sasa, godoro moja lenye wenyewe wawili halina anwani. Hapo ndipo penye kiini cha hadithi hii. Baraza lilipanga wafagiaji wake kwa mitaa iliyokuwa kwenye ramani yake, na mingi ya mitaa ambako wageni hawa waliishi haikuwemo. Mingine ilikuwa nje ya mpaka rasmi wa mji, mingine iliitwa haramu, na mahali palipoitwa haramu hapakustahili mtaro, bomba wala pipa. Vibarua hao walilipa ushuru bila kujua, katika bei ya kila kitu walichonunua, lakini mfagiaji hakutumwa kwao. Inakadiriwa kwamba kabla ya 1994 mji ulikuwa ukizoa karibu nusu tu ya taka zake za kila siku. Nusu iliyobaki ilikwenda mitaroni na kwenye vijito vinavyoingia mto Tapi. Kwa hiyo uchafu ule haukuletwa na maskini mjini kama mzigo wa nguo. Ulikuwa hesabu ya baraza, tena hesabu iliyopigwa kwa makusudi.

Mvua za mwaka 1994 zilikuwa kubwa. Maji yalifunguliwa katika bwawa la Ukai huko juu, Tapi ikafurika mapema Septemba, na vitongoji vya mabondeni vikazama. Maji yalipopungua yaliacha tope, mizoga ya mifugo na zile taka zote ambazo kwa miaka zilikuwa zimesukumwa mahali ambapo hazionekani. Wagonjwa wa kwanza walitokea upande wa Ved Road, karibu na mto. Wataalamu wanasema, na ni haki kusema, kwamba mnyororo kati ya taka, panya, kiroboto na mgonjwa wa mapafu haukuwahi kuonyeshwa wazi hatua kwa hatua. Lakini mji haukusubiri uthibitisho. Ulijinusa wenyewe ukajua.

Hebu nirudi nyuma kidogo, maana tauni na takataka zina historia ndefu, na sisi pia tumo ndani yake. Tauni iliingia Mumbai mwaka 1896 na kuenea. Mwaka uliofuata serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya magonjwa ya mlipuko iliyowapa maafisa ruhusa ya karibu lolote. Huko Pune, askari waliingia nyumba hadi nyumba, wakapekua vyumba vya akina mama, wakachoma vitu vya watu. Hasira ilikuwa kali kiasi kwamba Juni 1897 afisa aliyesimamia kazi hiyo, W. C. Rand, alipigwa risasi na ndugu wa ukoo wa Chapekar. Ugonjwa uliendelea kusafiri na meli. Mwaka 1902 ulifika Nairobi, wakati Nairobi haijamaliza hata kuitwa mji, na maafisa wakaamua kwamba dawa ni moto: soko la Wahindi likateketezwa. Hakuna aliyekuwa amewachimbia wale wenye maduka mtaro wa maana. Waliambiwa ni wachafu, wakachomewa.

Mtindo ulikuwa huo, basi. Uchafu unatafutiwa mwenyewe, na mwenyewe ni yule asiye na wa kumtetea. Surat ya 1994 ingeweza kwenda njia hiyo, na wapo waliotaka vibanda vyote vivunjwe na vibarua warudishwe makwao. Haikwenda, au tuseme haikwenda kabisa, na sababu mojawapo ni ya pesa. Wenye viwanda waligundua kwamba vibarua wakiondoka, mashine zinanyamaza.

Mei 1995 aliletwa kamishna mpya wa mji, S. R. Rao. Mengi yameandikwa juu yake hadi amekuwa kama mtu wa hadithi, na mimi huwa na shaka na hadithi za shujaa mmoja. Hata hivyo alichofanya kinaelezeka, tena ni kitu cha kawaida sana, ndiyo maana kinavutia. Aliugawa mji katika kanda sita, na kila kanda akaiwekea mkuu mwenye mamlaka kama yake, ili mtu wa mtaroni asisubiri sahihi ya mtu wa makao makuu. Aliwatoa maafisa ofisini kila asubuhi wakatembee mitaani, halafu mchana wakutane waelezane walichokiona. Msemo wake ulikuwa kwamba wakubwa watoke AC waende DC: AC ni ofisi yenye kiyoyozi, na DC, kwa herufi za Kiingereza, ni kazi za kila siku. Alipoanza kubomoa majengo yaliyovamia barabara, alianza na ya wenye nguvu. Migahawa na maduka ya peremende yenye jikoni chafu yalifungwa hata kama mwenyewe anamjua waziri. Kutupa taka ovyo kukawa na faini, na faini ikalipwa.

Lakini la maana kuliko yote, kwa maoni yangu, halina mbwembwe. Vile vitongoji vilivyokuwa nje ya ramani viliingizwa. Vichochoro viliwekwa sakafu, mitaro ikachimbwa, vyoo na taa vikafika, na wafagiaji wakapangiwa zamu huko kama kwingineko. Barabara kuu zikaanza kufagiliwa usiku. Taka zilizokuwa zikizolewa nusu zikafika zaidi ya tisa katika kila kumi. Mwaka 1996 shirika la INTACH, linalojulikana zaidi kwa kutunza majengo ya kale, liliitaja Surat kuwa mji wa pili kwa usafi India, nyuma ya Chandigarh. Yaani miezi kama ishirini tu baada ya ile stesheni. Msomi Ghanshyam Shah, ambaye aliandika kitabu kizima juu ya tauni hiyo na afya ya mji, hakupumbazwa na haraka hiyo. Aliuliza kwa nini ilibidi watu wafe ndipo baraza lifanye kazi ambayo sheria ilikuwa imelipa siku zote.

Rao alihamishwa, kama wanavyohamishwa makamishna wote wa India, na wengi walitabiri kwamba mji utarudi ulikotoka. Mtihani ulikuja Agosti 2006. Bwawa la Ukai lilifunguliwa tena, Tapi ikapanda tena, na safari hii maji yalifunika sehemu kubwa ya mji, vibaya kuliko 1994. Kulikuwa na vifo, na homa ya panya iliyokuja na maji iliwapata wengi. Ila watu hawakukimbia. Tope lilizolewa mtaa kwa mtaa, kwa wiki, mchana na usiku. Mtaalamu wa miji angesema taasisi ilikuwa imejengeka. Mimi naona jambo jepesi zaidi: kila uchochoro sasa ulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuusafisha, na jina la uchochoro huo lilikuwa kwenye karatasi yake.

Mtu huyo ni nani? Hapa sifa za Surat huwa zinaanza kuongea kwa sauti ndogo. Kufagia na kuzoa kinyesi, nchini India, kuliachiwa tangu kale watu wa matabaka yaliyowekwa chini kabisa, wale wanaojiita Dalit. Gujarat wengi wao wanajulikana kama Valmiki. Mama anafagia, binti anarithi ufagio. Kazi ya baraza angalau ilikuwa na mshahara wa uhakika na pensheni, na familia ziliipigania kwa sababu hiyo. Usafi mpya ulipokuja, ulihitaji mikono mingi zaidi, lakini wengi wa walioongezwa hawakuajiriwa na baraza. Waliletwa na wakandarasi. Wanafagia barabara ileile, kwa ujira mdogo, na mkataba ukiisha hakuna anayewadai maelezo. Kwa hiyo wale walioingiza mitaa yote katika ramani ya mji, wao wenyewe walibaki nje ya daftari la mji.

Mambo yangeweza kupangwa vingine, na si lazima tuende mbali kuliona hilo. Pune, ileile ya Rand, wanawake waokota taka waliunda chama chao mwaka 1993, Kagad Kach Patra Kashtakari Panchayat, wakadai vitambulisho kutoka kwa baraza na wakavipata. Hoja yao ilikuwa ya hesabu tu: kila kilo tunayookota ni kilo ambayo lori lenu halijaibeba. Mwaka 2008 ushirika wao, SWaCH, ulianza kuzoa taka mlangoni mwa nyumba kwa makubaliano na baraza, na kila nyumba inawalipa ada. Wamehangaishwa kila mkataba unapokwisha, maana daima yupo mkandarasi mwenye malori mapya anayenong'ona sikioni mwa baraza. Lakini wapo.

Sheria nayo ilichelewa kufika. Kesi aliyoifungua Almitra Patel katika Mahakama ya Juu ya India mwaka 1996 ndiyo iliyosukuma serikali kutoa kanuni za taka za miji mwaka 2000, na kanuni hizo zikarekebishwa 2016. Zinasema jambo ambalo bibi wa Surat wa zamani asingehitaji kuambiwa: tenganisha nyumbani. Ndoo ya kijani kwa vilivyo na unyevu, maganda na makombo. Ndoo ya buluu kwa vikavu. Kwenye karatasi anayetenganisha anaitwa mwenye nyumba. Kwenye jikoni halisi ni mama, au binti, au yaya anayelipwa kwa mwezi, na ndiye anayefokewa na mtu wa lori akikosea. Yale mapipa makubwa ya barabarani yameondolewa, gari linapita kila asubuhi mlangoni. Ni safi zaidi, siwezi kubisha. Ila pipa la kona lilikuwa pia duka la muokota taka, na duka hilo lilifungwa bila mtu kumpa notisi.

Tarehe 2 Oktoba 2014, siku aliyozaliwa Gandhi, serikali kuu ilizindua kampeni ya India safi, na miwani ya mzee ikawa nembo yake. Miwani ilichukuliwa, lakini ule usumbufu wake wa kuwaambia Wahindi wa matabaka ya juu washike ufagio na ndoo ya choo wenyewe hauonekani sana kwenye mabango. Tangu 2016 miji inashindanishwa kwa alama, kila mwaka, kama shule na mtihani wa taifa. Indore iliongoza mfululizo kwa miaka kadhaa. Surat ilikuwa ya pili, ikawa ya pili tena, na matokeo ya shindano la 2023 yalipotangazwa Januari 2024 ilifungana na Indore kileleni.

Mwezi mmoja kabla ya matokeo hayo, waziri mkuu alikuwa amefika Surat kuzindua soko jipya la almasi, jengo ambalo magazeti yaliandika kwamba kwa ukubwa wa sakafu linaizidi Pentagon ya Marekani. Limejengwa Khajod, kusini mwa mji. Kabla ya almasi, jina Khajod kwa mtu wa Surat lilimaanisha kitu kimoja tu: jaa la taka, mahali malori yalipomwaga mzigo wa mji kwa miaka. Jaa hilo lilifungwa na kufunikwa. Asubuhi, kabla wafanyabiashara hawajafika na magari yao, barabara za kwenda huko huwa zimeshafagiliwa.